Kabla ya kuhamia Kuala Lumpur, uliza karatasi kwanza

Majuma mawili yaliyopita, baada ya swala ya isha, mama mmoja jirani yetu hapa Kisauni alinisubiri nje ya msikiti. Alikuwa na mwanawe wa miaka 23, na mkononi ameshika simu ya kijana.

"Masalkheri, babangu," akaniambia. "Wewe umekaa huko kwa Wamalei. Hebu tusomee haya, utwambie kama ni kweli."

Ulikuwa ujumbe wa WhatsApp. Kazi ni ya kuhudumia wateja kwa kompyuta. Mshahara ni dola 1,200 kwa mwezi, nyumba na chakula juu ya mwajiri. Kijana aingie Malaysia kama mtalii, apokelewe Kuala Lumpur, kisha apelekwe "kituo cha kazi" ambacho hakikutajwa kiko mji gani wala nchi gani. Kibali cha kazi, aliandika ajenti, kitatengenezwa hukohuko. Kinachotakiwa kwanza ni shilingi 85,000. Mama alikuwa ameshapeleka mkufu wake kwa sonara kuuliza bei.

Nilisoma mara mbili, nikamrudishia simu. Tulikaa barazani kwetu mpaka usiku ukaingia, na kijana alikuwa na maswali mengi kuliko mamake. Tangu nirejee, vijana wengi wamenijia na maswali yayo hayo, nami huwajibu mmoja mmoja njiani. Leo naona bora niyaandike yote mahali pamoja, ili anayetaka kwenda aende akiwa macho.

Niliishi Kuala Lumpur kuanzia Agosti 2023 hadi Septemba 2025. Mimi ni mtu wa diploma ya mambo ya forodha, na nilikuwa nimefanya kazi bandarini Mombasa zaidi ya miaka kumi kabla ya kampuni moja ya uchukuzi kunichukua nikashughulikie stakabadhi za mizigo katika ofisi yao. Sikwenda kama tajiri wala kama mkimbizi. Nilikwenda kama mfanyakazi mwenye mkataba wa miaka miwili, mke na watoto wakabaki nyumbani. Kwa hiyo ninayoyasema ni ya mtu wa kawaida.

Karatasi kabla ya tiketi

Mkenya anaruhusiwa kuingia Malaysia kwa matembezi mafupi bila kuomba viza mapema. Ruhusa hiyo ndiyo mlango wanaoupenda matapeli. Kijana anafika uwanja wa ndege, anagongewa muhuri, anatoka nje akiamini kwamba ameshapokelewa. Lakini ule ni muhuri wa mtu wa kutembea. Wenyewe huuita Pas Lawatan Sosial, na aliye nao haruhusiwi kufanya kazi ya mshahara hata siku moja. Siku alizopewa zikimwishia naye yumo nchini, amevunja sheria ya uhamiaji, na sheria hiyo ina faini kubwa na kifungo, kisha kufukuzwa.

Kibali cha mgeni mwenye taaluma huitwa Pas Penggajian. Jambo la kushika hapa ni kwamba kibali hiki huombwi na wewe, wala na ajenti. Huombwa na kampuni inayokuajiri, ikiwa ndani ya Malaysia na imesajiliwa na Idara ya Uhamiaji kwa shughuli hiyo. Kampuni hupeleka mkataba wako, vyeti vyako na nakala ya pasipoti. Huangaliwa elimu pamoja na uzoefu, na mwenye diploma kama mimi hudaiwa miaka mingi zaidi ya kazi kuliko mwenye shahada. Kuna pia kima cha chini cha mshahara kinachowekwa na serikali. Wakati wangu, mwenye mshahara wa ngazi ya chini hakuruhusiwa kuja na mke na watoto, basi muulize mwajiri ngazi yako kabla hujatia saini. Sikuuliza. Niliahidi familia watanifuata baada ya miezi sita, na ahadi hiyo nikaila.

Idhini hutoka wewe ukiwa bado kwenu. Yangu ilichukua karibu miezi mitatu, na kila wiki nilidhani imekufa. Lakini nilipopanda ndege nilikuwa na barua yenye jina langu, jina la kampuni, kazi yangu na muda wangu. Mtu akikwambia utangulie, karatasi itafuata, jua kwamba anakupeleka mahali ambapo hutakuwa na pa kushtaki.

Hili si la kubahatisha. Tangu mwaka 2022 serikali yetu imekuwa ikiwaonya Wakenya kuhusu kazi za uongo za kusini mashariki mwa Asia, na imewaokoa vijana waliodanganywa kwamba wanakwenda kazi nzuri Thailand, wakavushwa mpaka hadi Myanmar. Huko walifungiwa katika majumba yenye walinzi wenye silaha, wakalazimishwa kuwatapeli watu mitandaoni usiku na mchana. Mapema mwaka 2025, maelfu ya watu wa mataifa mbalimbali walitolewa katika majumba hayo karibu na mji wa Myawaddy, na Wakenya walikuwamo. Wengi wao walikuwa wamesoma, wanajua Kiingereza na kompyuta. Ndio hao hao wanaotafutwa.

Kwa hiyo, kabla ya kutoa hata shilingi moja, fanya mambo mawili. La kwanza, angalia kama wakala yumo katika orodha ya mawakala waliosajiliwa na Mamlaka ya Kitaifa ya Ajira, na wala usitosheke na cheti alichokutumia kwa simu, kwani cheti hutengenezwa kwa dakika kumi. La pili, taka jina kamili la kampuni na anwani yake, kisha uwasiliane nayo wewe mwenyewe kwa njia uliyoitafuta wewe, si kwa nambari uliyopewa na ajenti.

Na ukishafika, pasipoti ni yako. Sheria ya pasipoti ya Malaysia ya mwaka 1966 inamkataza mwajiri kukushikia. Atakayesema anakuhifadhia, mwambie ahsante, utajihifadhia.

Siku za mwanzo

Hakuna ndege ya moja kwa moja kutoka kwetu Mombasa. Wengi hupitia Doha au Dubai. Beba cheti cha chanjo ya homa ya manjano, kwa kuwa anayetoka Kenya hudaiwa. Tangu Januari 2024 kuna pia fomu ya kuwasili inayojazwa kwenye intaneti ndani ya siku tatu kabla ya kufika, inayoitwa MDAC. Haina malipo. Ukiona tovuti inakudai pesa ili ikujazie, ondoka.

Na mzigo wako ufunge wewe. Usimbebee mtu kifurushi, awe jamaa, awe sheha. Sheria ya dawa za kulevya kule bado ina hukumu ya kifo. Kilichobadilika mwaka 2023 ni kwamba jaji sasa ana hiari, halazimiki kuitoa. Hiyo si hiari ya kuwekea maisha yako dau.

Uwanja wa ndege uko mbali na mji, zaidi ya kilomita 50. Treni ya kasi hukufikisha kituo kikuu, KL Sentral, kwa dakika 28 kutoka jengo la kwanza. Basi huchukua zaidi ya saa nzima lakini bei yake ni ndogo mno. Mimi nilipanda basi, maana pesa nilizokuwa nazo nilizijua moja moja.

Vitu vitatu ninunue siku ya kwanza? Laini ya simu, ambayo husajiliwa kwa pasipoti. Kadi ya Touch 'n Go, ambayo utailipia treni na mabasi. Na programu ya Grab ya kuitia teksi, kwa sababu ukisimama barabarani na kupunga mkono kama unaita matatu, utapunga mpaka mkono uchoke. Treni za mjini ni safi, zina ubaridi, na hufika kwa wakati. Wenyeji hununua tiketi ya ringgit 50 ya kusafiri siku 30, lakini hiyo ni ya raia pekee. Sisi wageni hulipa kila safari.

Baadhi ya mambo yatakupa raha ya kuzoeleka. Magari hupita kushoto kama kwetu. Plagi ya stima ni ileile ya pembe tatu. Chooni kuna mpira wa maji. Joto ni la Mombasa ya mwezi Machi, ila kule hakuna upepo wa bahari, na karibu kila alasiri mvua ya radi humwagika ghafla halafu hukatika kana kwamba hapakuwa na kitu. Nunua mwavuli kabla ya kununua kiatu.

Lililonichanganya ni saa. Kuala Lumpur iko mbele yetu kwa saa tano, lakini hilo ni hesabu tu. Ugumu ni kwamba jua kule huchomoza yapata saa moja na dakika kadhaa asubuhi, na maghribi huingia saa moja na zaidi. Saa yetu ya Kiswahili, inayohesabu kutoka macheo, haikai sawa na anga lao. Juma zima nilikuwa nikiamka kwa alfajiri nikidhani nimewahi sana, kumbe nimewahi kweli.

Nyumba, na neno nililoambiwa

Hapa ndipo nilipoumia, na sitaki nikufiche.

Ajenti wa kwanza wa nyumba alikuwa mchangamfu katika ujumbe. Picha alituma, bei alitaja, saa ya kwenda kuangalia tulipatana. Nilipomwandikia kwamba natoka Kenya, akajibu kuwa samahani, mwenye nyumba hataki Waafrika. Hakuzunguka. Baadaye nikaona matangazo ya nyumba yaliyoandika hivyo hivyo wazi, pamoja na idadi ya vyumba na ukubwa wa sebule. Nyumba saba nilikataliwa. Nilikuwa nalala katika chumba cha kukodi kwa siku, kila usiku nikihesabu akiba inavyopungua, na nilikuwa nimeshaanza kujiuliza kama nirudi.

Nimefikiri sana juu ya jambo hili. Sisi watu wa Pwani twajua uchungu wa kuombwa kitambulisho mara mbili pale mwenzio anapoombwa mara moja. Lakini pia nilikumbuka matangazo ya vyumba hapa Mombasa, na maneno ambayo wenye nyumba wetu huyasema kuhusu watu wa kabila fulani au nchi fulani. Sikupata faraja katika kumbukumbu hiyo, bali nilipata adabu.

Kilichonisaidia ni watu wawili na karatasi mbili. Karatasi ya kwanza ni kibali changu, ya pili ni barua ya mwajiri yenye mshahara wangu. Mtu wa kwanza ni mwenzangu wa kazini, Mmalei, aliyepiga simu kwa niaba yangu na kusema huyu namjua. Wa pili ni mwalimu mstaafu mwenye nyumba huko Wangsa Maju, mama wa makamo, aliyetaka kuniona uso kwa uso. Aliniuliza nitakaa na watu wangapi, na Ijumaa naswali wapi. Nilipomjibu, akanipa funguo niangalie jikoni mwenyewe. Pasipo kibali halali nisingekuwa hata na la kumwonyesha.

Sasa hesabu. Desturi ya kule ni amana ya miezi miwili, amana ya nusu mwezi kwa ajili ya umeme na maji, na kodi ya mwezi wa kwanza kabla ya kuingia. Nyumba ya ringgit 1,500 kwa mwezi inakudai 3,000, na 750, na 1,500, jumla ringgit 5,250. Ukichukua ringgit moja kuwa kama shilingi 30, hizo ni zaidi ya shilingi 157,000, nawe hujanunua godoro. Ndiyo maana huwaambia vijana kuwa nauli ndiyo gharama ndogo.

Mkataba uwe wa maandishi na upigwe muhuri wa ushuru katika idara ya mapato, LHDN. Bila muhuri, ukifikishana na mwenye nyumba mahakamani karatasi yako haina nguvu. Siku ya kuingia, piga picha kila ukuta, kila bomba, kila ufa, umtumie mwenye nyumba siku hiyo hiyo. Nilipoondoka baada ya miaka miwili, amana yangu ilirudi yote kwa sababu ya picha hizo. Na usimtumie mtu pesa za "kushika nyumba" ambayo hujaikanyaga kwa miguu yako.

Chagua nyumba karibu na treni. Wangsa Maju iko kwenye njia ya Kelana Jaya, ambayo upande mmoja huishia Gombak, lilipo eneo la Chuo Kikuu cha Kimataifa cha Kiislamu kilichoanzishwa mwaka 1983. Vijana wa Afrika Mashariki wamesoma pale miaka mingi. Ukitaka kusikia Kiswahili, utakisikia.

Mshahara unaouona na unaoushika

Mwezi wa kwanza nilipopokea mshahara, nilidhani kumetokea kosa. Asilimia 30 ilikuwa imekwenda. Nilikwenda kwa mhasibu nikiwa nimekunja uso, naye akanieleza kwa upole.

Mgeni huhesabiwa kuwa mkaazi kwa mambo ya kodi akitimiza siku 182 nchini. Kabla ya hapo hukatwa asilimia 30 moja kwa moja, mshahara uwe mdogo au mkubwa. Akishatimiza, huingia katika viwango vya kawaida vinavyoanzia chini kabisa na kupanda kwa ngazi, na kwa mtu wa mshahara wa kati tofauti ni kubwa. Mimi niliingia Agosti, kwa hiyo miezi yangu ya mwanzo yote ilikuwa ya asilimia 30. Mwaka uliofuata nilijaza fomu ya kodi, siku zangu zikaunganishwa na za mwaka ule mpya, na sehemu kubwa ya pesa nikarudishiwa. Wapo wenzetu wasiojua, huondoka na pesa zao zikabaki kule. Weka nakala za kila ukurasa wa pasipoti wenye muhuri, kwani ndio ushahidi wa siku zako.

Tangu Oktoba 2025, baada ya mimi kuondoka, wafanyakazi wageni nao wameingizwa katika mfuko wa akiba ya uzeeni. Mfanyakazi hukatwa asilimia 2 na mwajiri huongeza asilimia 2. Uliza namna ya kuichukua utakapoondoka.

Akaunti ya benki hufunguliwa kwa pasipoti, kibali na barua ya mwajiri. Tazama, msomaji wangu, jinsi kila mlango unavyouliza kibali kilekile. Asiye nacho hana benki, hana mkataba wa nyumba, hana hata pa kulalamika akidhulumiwa mshahara. Anaishi mjini lakini mji haumjui.

Kwa afya, zahanati za binafsi ziko kila mtaa na si ghali kwa homa ya kawaida, lakini hospitalini mgeni hulipa zaidi ya raia, hivyo hakikisha bima imo katika mkataba. Na jihadhari na dengue. Mbu wake huuma mchana, kama tulivyojifunza hapa Mombasa ilipotupitia. Kuna pia moshi wa mioto ya misitu ya Indonesia, wanaouita jerebu, ambao miaka mingine hufunika anga kiasi cha shule kufungwa. Mwenye pumu alijue hilo mapema.

Kak si kaka

Karatasi zikishakaa sawa, ndipo kazi ya pili huanza, nayo haina fomu. Ni kazi ya kuwa jirani.

Wenyeji wa Kuala Lumpur ni Wamalei, Wachina na Wahindi, kila mmoja na sikukuu zake, na Kiingereza hueleweka mahali pengi. Unaweza kuishi miaka kumi bila kujifunza Kimalei. Lakini utaishi kama mpangaji. Nami niligundua kwamba Mswahili ana mtaji ambao mgeni mwingine hana. Habari wao husema khabar. Dunia ni dunia. Bendera ni bendera. Wakati ni waktu, sabuni ni sabun, wakili ni wakil, nanasi ni nanas, limau ni limau. Mji wao huuita bandar, nasi tuna bandari. Maneno hayo yalipita baharini, mengi kwa Waarabu na Waajemi, mengine kwa Wareno, yakatua kwao na kwetu.

Ila yapo ya kukuumbua. Siku moja katika mkahawa nilitaka kuku, nikaambiwa kuku ni kucha. Kuku wa kuliwa ni ayam. Dada kwao ni kifua, basi neno hilo liache nyumbani. Na kak, kifupi cha kakak, ni dada mkubwa. Nilikuwa nikisikia kijana mwanamume akimwita mama muuzaji "kak" nikidhani hajui anachosema. Kaka kwao ni abang, au bang kwa kifupi. Mtu mzima wa kiume ni pak cik, wa kike ni mak cik. Nilipojifunza kuita watu hivyo, mlinzi wa jengo letu, ambaye kwa miezi miwili aliniuliza naenda nyumba nambari ngapi, akaanza kuniuliza nimekula nini.

Chakula hakitakushinda. Nasi lemak ni wali wa nazi, wenye dagaa wa kukaanga, njugu na pilipili pembeni, nao huliwa asubuhi. Roti canai ni jamaa wa chapati ya kusukuma. Ndizi za kukaanga zauzwa barabarani. Halali husimamiwa na serikali, na alama ya JAKIM utaiona mpaka kwenye biskuti. Lakini ni mji wa watu wengi, nguruwe na pombe pia vipo, basi soma alama.

Msikitini nilijisikia niko kwetu, kwani wao ni Mashafi kama sisi. Kunuti ya alfajiri ipo, na nyuradi baada ya swala husomwa kwa sauti. Hotuba ya Ijumaa ni ya Kimalei, na miezi ya mwanzo nilikuwa nikishika maneno ya Kiarabu tu kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe. Msikiti wa Jamek, uliofunguliwa mwaka 1909, umesimama pale inapokutana mito miwili, Gombak na Klang, palipoupa mji jina lake, maana Kuala Lumpur ni makutano ya matope. Ramadhani, mtaa wa Kampung Baru hugawa uji wa bubur lambuk kwa kila anayepanga foleni. Nilipanga foleni na bakuli langu. Mzee aliyekuwa mbele yangu aliniuliza natoka wapi, nikamwambia Mombasa, hajaijua. Nikamwambia kwetu pia twafuturu kwa uji. Akanisogeza mbele yake.

Wahenga walisema mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Jembe langu lilikuwa kuosha masufuria ya futari kila Ijumaa ya Ramadhani katika surau ya mtaa wetu. Kuanzia hapo sikuulizwa tena natoka wapi. Niliulizwa mbona wiki iliyopita sikuonekana.

Umbali

Hata hivyo kuna jambo ambalo hakuna kibali wala jirani wa kulitatua. Mwaka wangu wa pili, shangazi yangu aliyenilea alifariki saa tano asubuhi ya hapa, kule ikiwa saa kumi alasiri. Sisi maiti hatulazi. Kabla sijamaliza kutafuta tiketi alikuwa ameshazikwa. Nilitazama mazishi kwenye simu, ndugu yangu akishika kamera kwa mkono unaotetemeka, mtandao ukikatika kila dakika. Usiku ule majirani wa surau walinisomea Yasini, na yule mwenye nyumba alileta sufuria ya wali. Nilishukuru, na bado sikuwapo.

Anayekwenda alijue hilo na alizungumze na watu wake kabla ya kuondoka. Nani atakwenda hospitalini na mama? Pesa ya dharura ya tiketi iko wapi? Jiandikishe pia katika ubalozi wetu, kwani Kenya ina ubalozi Kuala Lumpur, ili likikufika jambo pawe na mtu anayejua kwamba upo.

Nirudi kwa jirani yangu. Usiku ule barazani sikumwambia kijana asiende. Nilimwambia amwandikie ajenti maswali matatu: kampuni inaitwaje, kazi iko nchi gani, na barua ya idhini ya uhamiaji itanifikia lini nikiwa bado Mombasa. Akaandika palepale mbele yetu. Jibu lilikuja kesho yake, kwamba nafasi ni chache na wenye maswali mengi hupitwa.

Mama amekwenda kuuchukua mkufu wake. Kijana hajaridhika, na namwelewa, maana miaka 23 bila kazi Kisauni ni mingi. Amenambia ataendelea kutafuta, lakini sasa anatafuta jina la kampuni kwanza, na jana aliniletea tangazo jingine tulisome pamoja. Pasipoti yake kwa sasa anayo mamake.